Plasma kwa Nyumba ya Watu Watatu

Jumamosi, 8 Mei 2010

Nimefua vitambaa vya makochi. Vilikuwa safi. Nimefua ili mikono ipate kazi.

Sokoni nimenunua dagaa, nyanya na mgagani. Nimesonga ugali wa mtama na mhogo, ule anaoupenda Rhobi. Nimekula peke yangu. Yeye na Marwa wako kwa mama jirani wanaangalia TV. Wamekula huko huko.

TV yetu ya kichogo ilikufa wiki ya Pasaka. Picha ilijikunja ikawa mstari mmoja mweupe, halafu giza. Fundi akasema kuitengeneza ni hasara. Tangu hapo Rhobi hakai ndani jioni. Anamwogesha mtoto, anamvika sweta, wanatoka. "Mama, tunarudi sasa hivi." Sasa hivi yake ni mpaka Marwa arudi amelala begani.

Asubuhi mama jirani aliniuliza ukutani, kwa adabu, Rhobi ni nani yangu. Yeye ni Mjita wa Musoma, mambo yetu hayajui. Nikamweleza. Kwamba mume wangu Chacha alifariki hatujapata mtoto. Kwamba nilipostaafu ualimu nilitoa ng'ombe nikamwoa Rhobi aingie nyumbani kwangu, kama wanavyofanya wanawake wengi wa Kikurya walio kama mimi. Nyumba ntobhu. Ni mkamwana wangu, mke wa mtoto ambaye sikumzaa. Watoto anaowazaa ni wangu, na wanabeba jina la Chacha. Ndiyo maana huyu mtoto anaitwa Marwa Chacha ingawa Chacha alikufa zamani.

"Na baba wa mtoto?" akauliza.

Nikasema yupo, anaitwa Mwita, kijana wa kwetu Kemambo. Kimila hana neno.

Akaitikia kwa kichwa. Sidhani kama alielewa. Hata mimi nikijisikia ninavyolieleza, linasikika kavu. Sikumwambia jinsi Rhobi alivyokuwa akicheka jikoni Kemambo mpaka uji unafurika.

Nyumba hii ya Turwa ni kubwa mno. Niliijenga kwa fidia, eneo letu lilipochukuliwa na mgodi. Vigae, vioo, ukuta mrefu, geti. Kule Kemambo nikipiga chafya kuna mtu ananiitikia ng'ambo ya migomba. Hapa naweza kuugua siku nzima na geti lisigongwe.

Nimeamua. Nanunua TV. Bapa, ya ukutani. Kubwa kuliko ya jirani.


Jumatatu, 10 Mei

Duka la Bwana Idd, mjini. Watu wa kwao walitoka Pangani, babu yake alikuja huku na vitambaa. Yeye anauza redio, madishi na TV. Mtu mtaratibu. Ananiita Mwalimu ingawa sikumfundisha yeye wala mtoto wake.

Mbili ziko ukutani, ukubwa mmoja. Moja plasma, moja LCD. Nilidhani ni majina tu, kama sabuni. Sivyo. Amenieleza kama nilivyokuwa nikieleza sehemu ubaoni.

Plasma: nyeusi yake ni nyeusi kweli, na mpira ukipigwa hauachi mkia. Lakini ni nzito, inapata joto, inakula umeme. Dirisha likiwa wazi kioo chake kinakurudishia sura yako. Na picha ikisimama muda mrefu inaacha kivuli.

LCD: nyepesi, umeme kidogo, mchana inaonekana vizuri. Lakini inataka mtu akae mbele yake. Ukikaa pembeni rangi zinapauka.

Akaniomba nisogee mpaka penye majiko ya gesi nitazame kutoka huko. Kweli. Kwenye LCD mtangazaji amekuwa wa rangi ya majivu. Kwenye plasma ni yule yule.

"Sasa Mwalimu," akasema, "inategemea. Jioni mnakaa wangapi sebuleni?"

"Wengi," nikasema.

Sijui kwa nini nilidanganya. Nimetembea mpaka nyumbani na aibu. Sijanunua. Nimemwambia naenda kufikiri.


Jumatano, 12 Mei

Kijana wa Sirari amepita na TV juu ya pikipiki, imefungwa kwa blanketi. "Mathe, hii ni original, imetoka Nairobi." Nikamuuliza ni plasma au LCD. Akasema zote mbili. Nimefunga geti.

Nilipomsimulia Rhobi amecheka. Mara ya kwanza wiki hii. Kisha amerudi kwenye simu yake.


Ijumaa, 14 Mei

Mvua. Umeme umekatika tangu asubuhi. Jioni wamekaa nyumbani kwa sababu hata kwa jirani ni giza. Tumekaa watatu na taa ya chemli. Marwa amelala mapajani mwangu. Rhobi alikuwa anachungulia dirishani.

Nimetamani umeme usirudi. Ni mawazo mabaya kwa mtu anayetaka kununua TV.


Jumapili, 16 Mei

Baada ya ibada, mwanamke wa Kemambo tunayesali naye alinivuta kando. Mwita amepata mawe. Mawe yenyewe, yenye dhahabu ya kuonekana kwa macho. Amenunua pikipiki. Anasema kila mahali kwamba atarudisha ng'ombe zangu na kumchukua Rhobi awe mkewe mwenyewe. Na mtoto.

Huyo mwanamke alinisimulia kwa sauti ya huruma, lakini macho yalikuwa yanafurahia.

Kwa hiyo ndiyo maana Rhobi habanduki kwenye simu.

Siku hizi Kemambo kijana akipata mawe anakuwa mtu mwingine kabla jua halijazama. Nimewafundisha wengine kusoma. Wameacha majembe, wanachambua vifusi. Anayepata anajenga, anayekosa anazikwa. Mwita hakuwa mwanafunzi mbaya. Alikuwa na mwandiko mzuri. Simpendi.

Sikumuuliza Rhobi kitu. Niliogopa atajibu.


Jumatatu, 17 Mei

Nimempigia shemeji Nyamhanga, mdogo wake Chacha. Yeye ndiye msemaji wa ukoo. Akanituliza. Kwamba binti akitaka kuondoka anaweza, ng'ombe wakirudi. Mtoto haondoki. Mtoto ni wa nyumba. "Hilo halina kikao, shemeji. Lala."

Nimefarijika. Halafu nimewaza Marwa akiwa hapa na mimi, mimi na miaka yangu hii, na mama yake hayupo. Faraja ikaisha.

Naendelea kuwaza TV. Ni rahisi kuwaza TV.


Alhamisi, 20 Mei

Morotonga, kwa dada yangu Weisiko. Nilimwambia Rhobi naenda kumjulia hali. Ukweli nilikwenda kuangalia TV yake. Mwanawe amemnunulia LCD kutoka Mugumu.

Ni nzuri. Mchana milango iko wazi, kuku wanapita, na picha inaonekana safi. Lakini jioni wajukuu waliporudi nikaona alichosema Bwana Idd. Wanagombania katikati. Mkubwa anapata kochi la mbele, wadogo wanabaki pembeni wanapindisha shingo. Weisiko mwenyewe anakaa pembeni kabisa, kwenye kigoda chake, anaona vivuli. Hajali. Yeye anaangalia wajukuu.

Nimemweleza yote. Amenisikiliza huku anachambua choroko. Kisha akasema kwa Kikurya, taratibu, kwamba hajawahi kusikia mtu anafungwa kwa picha.

Nimekasirika. Yeye ana watoto saba. Ni rahisi kuwa na hekima ukiwa na watoto saba.

Nimekataa chai. Baadaye nimeinywa.


Jumamosi, 22 Mei

Nimerudi nikakuta geti limefungwa kwa kufuli. Nikafungua. Vyungu vimepinduliwa, vimeoshwa. Kitanda cha Marwa kimetandikwa. Hakuna mtu. Nikaita. Sauti ikanirudia kutoka kwenye vigae.

Nilikaa sakafuni sebuleni. Nilikuwa na uhakika wameondoka. Sikulia.

Walikuwa kwa mama jirani. Marwa alipiga kelele ukutani, "Bibi karudi."

Nikainuka. Sikuvua hata viatu vya safari. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Idd nikamwambia plasma. Akakumbusha habari ya umeme. Nikasema najua. Akakumbusha habari ya mwanga wa dirisha. Nikasema nitashona mapazia mazito. Nataka mtu akiingia mlangoni aione. Akiwa jikoni aione. Asiwepo mtu wa kukaa pembeni akaona majivu.

"Basi umechagua mwenyewe, Mwalimu," akasema. "Mungu aitie baraka."


Jumapili, 23 Mei

Imefungwa. Wanaume wawili walihema kuinyanyua. Fundi ametoboa ukuta, amegonga vyuma, ameelekeza dishi. Rhobi alisimama katikati ya sebule mikono kichwani. Kisha akanikumbatia. Alikuwa hajanikumbatia tangu tumehama.

Jioni hakutoka.

Tumeangalia mpaka Marwa alipolala chini kwenye mkeka. Rangi zinaingia machoni. Uso wa mtu unaona hata vinyweleo. Tumeangalia taarifa ya habari, muziki, tamthilia ya watu wa mbali wanaolia sana. Hatukuongea. Lakini alikuwepo. Nilisikia anavyopumua.

Weisiko hajui kitu.


Jumatano, 2 Juni

Umeme wa luku unaisha kama maji kwenye tenga. Bwana Idd alisema kweli.

Rhobi yupo kila jioni. Namshukuru Mungu. Mazungumzo hakuna. Nikimwuliza kitu anajibu "ndiyo mama" bila kugeuka. Nikinyamaza hashangai.


Ijumaa, 11 Juni

Kombe la Dunia limeanza. Afrika Kusini. Mama jirani aliuliza kama mumewe anaweza kuja kuangalia mechi kwangu kwa kuwa TV ni kubwa. Nikasema waje wote. Wamekuja wote. Na wa nyumba ya pili, na wale wa kona, na dereva mmoja wa lori ambaye hata sasa sijui alialikwa na nani. "Shikamoo Mwalimu." "Shikamoo mama." Viatu vimejaa mlangoni kama msibani.

Nimechemsha chai sufuria kubwa. Nimekaanga mihogo. Nimezunguka na beseni la kunawa. Mgongo unauma vizuri.

Kila mtu anaona. Wa kwenye makochi, wa kwenye mkeka, wa mlangoni. Goli la kwanza la Afrika Kusini lilipoingia nyumba ilipiga kelele mpaka nikashika kifua. Mimi nilikaa kona ya jikoni, naangalia vichwa.

Hapo ndipo nikamwona Mwita. Aliingia na wengine, amevaa viatu vipya, akakaa chini karibu na mlango. Alinisalimia kwa heshima zote. Sikuweza kumfukuza mbele za watu. Marwa alikwenda kukaa mapajani kwake bila kuitwa. Anamjua. Amemjua kwa muda gani?

Rhobi hakuangalia mpira. Aliangalia mlango.


Jumanne, 15 Juni

Watu wameanza kuja kabla sijafagia. Mzee mmoja ameniletea ndizi. Mama jirani anaingia jikoni kwangu bila hodi, anapekua chumvi. Napenda.

Nimeanza kujua majina. Turwa ina watu. Nilikuwa sijui.


Jumatano, 23 Juni

Mwita amekuja mchana na mjomba wake. Walikuwa wametuma habari mapema, kwa hiyo nilikuwa nimeshamwita shemeji Nyamhanga, naye akaja na wazee wawili wa ukoo. Nimezima TV. Wamekaa kwenye makochi yaliyokaliwa na watu wa mpira jana, wakalalamikia ulaini wake.

Mjomba wa Mwita aliongea vizuri. Kijana amepata. Anataka kuoa kwa mkono wake mwenyewe. Ng'ombe wote watarudi, na wa ziada kwa heshima yangu. Wanamwomba Rhobi na wanamwomba mtoto.

Shemeji Nyamhanga hakumaliza hata kusikiliza. "Binti mchukueni. Mtoto ni wa Chacha. Hata mkileta zizi zima."

Mjomba akasema mtoto ni damu ya kijana.

"Damu haikutoa ng'ombe," akasema shemeji. Wazee wakaguna kukubali.

Wakanitazama. Nilikuwa na haki ya kusema. Nilitazama sahani ya mihogo. Kimya changu wakakichukua kuwa ndiyo.

Mwita hakupandisha sauti. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kujizuia. Mjomba wake akamshika mkono wakatoka.

Rhobi alikuwa jikoni muda wote. Walipoondoka nilimkuta anaosha vikombe ambavyo vilikuwa tayari safi. Nikamwambia mimi sijamkosea, nimempa kila kitu, hata TV nimenunua kwa ajili yake. Niliyasema kwa hasira.

Akaweka kikombe chini.

"Mama, kule Kemambo hatukuwa na TV," akasema. "Tulikuwa tunaongea. Nilikuja kwako kwa sababu ulikuwa unaniongelesha. Kwetu hakuna aliyekuwa ananiongelesha."

Nikachukua kitambaa nikaanza kukausha vikombe. Mimi niliyesimama mbele ya madarasa miaka yote ile.


Jumapili, 27 Juni

Jana Ghana wameshinda. Barabara nzima ilipiga kelele. Sebule ilijaa mpaka dirishani. Mimi nililala mapema na mlango nikaufunga. Nilisikia furaha ya watu kupitia ukuta, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na sijawahi kuwa mpweke kama hivyo.

Rhobi ameniambia leo asubuhi. Ataondoka. Atamwacha Marwa kwa sababu wazee wamesema. Alisema akitazama chini. Hakulia. Ningependa angelia.


Jumamosi, 3 Julai

Ghana wametolewa jana kwa penalti. Watu walitoka sebuleni kama wanatoka kuzika. Leo hawakuja wengi.

Si hilo ninalotaka kuandika.

Mchana nilipita mlango wa chumba chao. Rhobi amekaa sakafuni, Marwa amesimama mbele yake na shati wazi. Anamfundisha kufunga vifungo. Mtoto anakosea, anafunga cha juu kwenye tundu la chini, na yeye anamfungua, anamwambia anza tena. Hakumsaidia. Marwa alichoka akanyoosha mikono afungiwe, kama siku zote. Rhobi akaishusha ile mikono. "Hapana, mwenyewe. Bibi mgongo unamuuma, usimsumbue kila asubuhi."

Akaanza tena. Na tena. Walipofika cha mwisho kimekaa sawa, Rhobi akamgeuza mtoto upande wa ukuta, akamkumbatia kwa nyuma ili asimwone uso.

Nimerudi chumbani kwangu nikakaa kitandani.

Nimekuwa mwalimu. Najua mtu anafundisha namna hiyo wakati gani.


Jumapili, 4 Julai

Sikwenda kanisani. Nilisema naumwa. Ninaumwa.

Chacha alikuwa mtu mwema. Usiku wa mwisho hakuzungumzia ng'ombe wala shamba. Alisema tu jina lisipotee. Nikamwahidi. Nimeishi na ahadi hiyo kama watu wanavyoishi na mguu mbovu, huku najivunia kutembea nao.

Marwa ana miaka minne. Yeye hakuahidi mtu chochote.


Jumatatu, 5 Julai

Nimekwenda kwa shemeji Nyamhanga mwenyewe. Mambo mengine si ya simu. Nilimkuta anapakia chumvi ya ng'ombe. Nimemwambia namwachia Rhobi mtoto. Waende wote. Ng'ombe watakaorudi wabaki zizini kwake, mimi siwataki.

Alidhani nimelewa. Kisha alidhani nimerogwa. Kisha akaelewa.

"Unalizima jina la kaka yangu," akasema. "Unalizima kwa mkono wako, ukiwa na akili zako."

Nikasema ndiyo.

"Ukifa nani atakuzika?"

Nikasema watu wa Turwa watanizika, wale wa mpira. Nilitaka iwe mzaha. Hakucheka. Ameniambia nisikanyage kwake tena mpaka aniite. Mke wake alinisindikiza mpaka barabarani, akaniwekea viazi kwenye mkoba.

Nimefanya jambo ambalo haliwezi kurudishwa. Mbele nilikuwa naona mguu wangu tu, halafu mguu mwingine.

Nyumbani nimezima TV wakiwa katikati ya tamthilia. Rhobi akashtuka. Nikamwambia, "Marwa anaenda na wewe. Nimeshasema kwa shemeji yangu. Limekwisha."

Hakuamini. Alinitazama kama mtu anayesubiri sentensi nyingine. Aliponiamini alipiga magoti, akanishika miguu, na safari hii alilia. Nikamwinua. Nikamwambia akachemshe chai.

Tumekaa jikoni tukaongea. Tumeongea kama zamani. Kuhusu mama yake, kuhusu Mwita, kuhusu siku aliyofika kwangu na kijibegi cha plastiki akaogopa mbwa. Mwita anataka kuacha mawe kabla mawe hayajamwacha. Atafungua duka dogo la vipuri vya pikipiki huko Kemambo. Nimesema vizuri. Nimesema pia kwamba akimpiga nitakuja na fimbo ya darasani. Amecheka mpaka akashika meza.

Ningekuwa na mazungumzo haya mwezi wa tano, labda mambo yangekuwa mengine. Labda yangekuwa haya haya.


Ijumaa, 9 Julai

Wameondoka.

Mwita alikuja na gari ya kukodi, si pikipiki. Alinisalimia ameinama. Nilitaka kumpa TV. Nilisema wachukue, mimi ya nini. Rhobi akakataa. Akasema nyumba yao haina umeme, na hata ingekuwa nao, hii ni ya kwangu, watu wanaijua njia.

Marwa alikuwa amevaa shati lake, vifungo vyote vimekaa. Hakuelewa. Alinipungia mkono kama anayekwenda dukani.

Nimefagia chumba chao. Nimekuta soksi moja. Nimeifua.


Jumatatu, 12 Julai

Jana fainali. Walijaa kwa mara ya mwisho. Mume wa mama jirani alitoa neno la shukrani kwa niaba ya wote, nikapigiwa makofi nyumbani kwangu. Wakaenda.

Leo jioni hakuna aliyekuja. Sikutegemea, lakini nilichemsha chai nyingi.

Niliwasha. Kwenye kioo cheusi, kabla picha haijatoka, nilimwona mwanamke amekaa kochi la katikati. Kwa mtu mmoja LCD ingetosha. Ingeokoa umeme pia. Bwana Idd angeniuzia kwa roho safi kama ningesema kweli.

Nimesikiliza habari, nimezima.


Alhamisi, 15 Julai

Mama jirani hajapita. Mtoto wake ana surua. Nimepeleka uji. Nimekaa huko mpaka mtoto aliposinzia. Amenionyesha jinsi wanavyopika samaki wa kukausha kwa karanga. Sikujua wanaweka ndimu.


Jumanne, 20 Julai

Baridi. Nimepalilia kitalu cha vitunguu nyuma ya nyumba mpaka jua likawa kali.

Simu imeita. Rhobi. Wako salama, duka bado halijaezekwa. Akasema kuna mtu anataka kunisalimia.

Kimya. Nikasema hallo. Kimya. Nikamuuliza Marwa, umekula? Nasikia anapumua, karibu sana, pua ina mafua.

Rhobi kwa nyuma: "Anatikisa kichwa, mama. Hajui kwamba humwoni."

Nikamwambia vizuri, kama umekula vizuri. Nikamuuliza kama analala vizuri. Nikamuuliza kama kuna mbuzi huko. Kila nikiuliza nangoja kidogo, ili apate muda wa kutikisa. Sikukata simu. Nilisimama pale kwenye vitunguu, udongo mikononi, mpaka salio lao likaisha.